Ruth Simmons alipoiacha Prairie View: nani alikuwa na haki?

Februari 2023 Ruth Simmons aliiarifu jumuiya ya chuo alichokiongoza, Chuo Kikuu cha Prairie View A&M, chuo cha watu weusi cha jimbo la Texas, kwamba hatasubiri tarehe iliyopangwa ya kuachia urais. Kung'atuka kwake hakukuwa habari mpya. Mrithi wake, Tomikia LeGrande, alishatajwa mwishoni mwa 2022, na kilichobaki kilikuwa makabidhiano ya katikati ya mwaka. Lakini mama huyo wa miaka 77 akaamua kuondoka mapema, na sababu hakuizungusha. Mfumo wa Vyuo Vikuu vya Texas A&M, ambao Prairie View iko chini yake, ulimwambia kuwa anaweza kuendelea kuwa rais wa chuo, ila asiajiri tena viongozi wa ngazi za juu. Akajibu kwamba urais wa jina tu hautaki.

Rais wa chuo kule Marekani ndiye mtendaji mkuu, kazi ambayo kwetu hufanywa na makamu mkuu wa chuo. Kwa hiyo tunayemzungumzia ni mtu wa bajeti, ajira na maamuzi ya kila siku, si mgeni rasmi wa mahafali.

Wapo waliosema ni ugomvi mdogo uliokuzwa. Miezi michache tu imebaki, mtu ana heshima zake zote, kwa nini asivumilie? Wengine walimwona shujaa moja kwa moja. Mimi naona pande zote mbili ziliruka swali lenyewe, ambalo ni nani hasa anayekiendesha chuo cha watu weusi kinachomilikiwa na jimbo. Simmons ni mfano mzuri wa kuliulizia swali hilo kwa sababu hakuna anayeweza kusema tatizo lilikuwa uwezo wake.

Alizaliwa 1945 Grapeland, mashariki mwa Texas, kitinda mimba katika familia ya watoto 12. Wazazi wake walilima ardhi ya watu kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Familia ikahamia Houston, mtaa wa Fifth Ward, naye akapata nafasi Dillard, chuo cha watu weusi kilichoko New Orleans, akahitimu 1967. Mwaka 1973 alipata shahada ya uzamivu Harvard. Mwaka 1995 akawa rais wa Smith, chuo cha wanawake cha Massachusetts, ambako alianzisha programu ya uhandisi, ya kwanza katika chuo cha wanawake nchini humo. Mwaka 2001 akachukua uongozi wa Brown, akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote katika Ivy League, kile kikundi cha vyuo vinane vya kale vya kaskazini mashariki. Mwaka 2003 aliunda kamati ya kuchunguza jinsi Brown yenyewe ilivyonufaika na biashara ya utumwa, na ripoti ikatoka 2006. Wakati huo vyuo vikubwa vilikuwa havijaanza kufukua makaburi yao wenyewe.

Doa lipo pia. Kwa miaka kumi, hadi 2010, alikuwa kwenye bodi ya benki ya Goldman Sachs, na baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008 wanafunzi na waandishi wakamuuliza alikuwa wapi wakati mabonasi ya mabosi yanapitishwa. Ni swali la haki. Tutalikumbuka tukifika kwenye fedha.

Alistaafu Brown 2012 na kurudi Texas. Mwaka 2017, akiwa amepita miaka 70, aliitwa Prairie View kushika nafasi kwa muda, na kabla mwaka haujaisha akathibitishwa, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo hicho kilichoanzishwa 1876.

Prairie View yenyewe si mahali pepesi. Chuo kimejengwa juu ya lililokuwa shamba la watumwa lililoitwa Alta Vista, katika Kaunti ya Waller, kaskazini magharibi mwa Houston. Wanafunzi wake walilazimika kufika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, 1979, ili ithibitishwe kwamba wana haki ya kujiandikisha kupiga kura pale wanaposoma. Mwaka 2015 Sandra Bland, aliyekuwa amesoma chuoni hapo na kurudi kwa ajili ya kazi, alikamatwa na askari wa barabarani karibu na lango la chuo, na siku tatu baadaye akakutwa amekufa katika jela ya kaunti. Hapo ndipo Simmons alipokubali kutoka kwenye ustaafu.

Vyuo vya watu weusi kama hiki viko takriban 100 nchini humo. Sheria ya Marekani ya 1965 inavitambua kuwa ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo la kuwaelimisha watu weusi. Historia yetu inavijua: Mbiyu Koinange wa Kiambu alikwenda kusoma Hampton, Virginia, mwaka 1927. Wanawake wamekuwa wakivibeba tangu mwanzo, wengi wao wakiwa walimu na waanzilishi. Mary McLeod Bethune alifungua shule yake Daytona, Florida, mwaka 1904 akiwa na dola moja na nusu. Kukalia kiti cha rais ndiko kulikochelewa. Spelman ya Atlanta, chuo cha wanawake weusi kilichoanzishwa 1881, ilifika 1976 ikiwa haijawahi kuongozwa na mwanamke mweusi hata mmoja. Bodi ilipomchagua mwanamume tena, wanafunzi waliwafungia wadhamini ndani ya chumba cha mkutano, wakakaa humo zaidi ya siku nzima. Mwanamume yule alibaki rais. Johnnetta Cole aliingia 1987, miaka 106 baada ya chuo kufunguliwa.

Turudi kwenye ugomvi wenyewe, na tuanze na upande ambao haupendezi kuutetea.

Hoja ya mfumo wa Texas A&M ni kwamba rais anayekuja aachiwe nafasi ya kuchagua wasaidizi wake. Mtu wa utawala yeyote ataielewa. LeGrande afike katikati ya mwaka akute mkuu wa taaluma ameajiriwa Machi kwa mkataba wa miaka kadhaa, amfanyeje? Amfukuze na kulipa fidia, au afanye kazi na mtu ambaye hakumchagua? Teuzi za dakika za mwisho zinanuka popote duniani, na laiti anayeondoka angekuwa mtu tusiyempenda, wengi wetu tungekuwa upande wa mfumo. Isitoshe, kuwa ndani ya mfumo huo kuna faida. Katiba ya Texas inairuhusu Prairie View kupata mgao wa mfuko wa kudumu wa vyuo vikuu, mfuko unaotajirishwa na ardhi yenye mafuta magharibi mwa jimbo. Vyuo vingi vya watu weusi havijawahi kuota fedha za namna hiyo. Anayekula kwenye sinia hilo hawezi kudai kwamba mwenye sinia hana neno.

Upande wa Simmons una hoja mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya kikazi: rais anayewajibika kwa matokeo bila mamlaka ya kupanga watu anabebeshwa lawama tupu. Nafasi zikiwa wazi kwa miezi, ni yeye atakayeulizwa kwa nini kazi imelala. Ya pili ni ya historia. Chuo hiki kimezoea kupokea maamuzi kutoka juu, na wanaoamua huko juu ni bodi ya watu tisa wanaoteuliwa na gavana. Amri inayotoka huko haiwezi kusikika Prairie View kama inavyosikika kwingine.

Nami nasimama na Simmons, ila kwa hoja ya kwanza. Hii ya pili ni ya kweli lakini inabeba mizigo mingi. Mtu akiitumia kwa kila mvutano wa ofisi, siku ya ubaguzi halisi hatasikika. Kwa maelezo ya Simmons mwenyewe, sharti hilo la ajira aliambiwa, hakuombwa. Kama shida ilikuwa kumlinda LeGrande, wawili hao wangekubaliana ni nafasi zipi zisubiri na zipi zisisubiri, na kazi ikaendelea. Kumwachia mtu ofisi, saini na lawama, kisha kumpunguzia madaraka kimyakimya, huko ni kumvizia.

Kuna jambo moja mashabiki wake hawapendi kulisikia. Simmons aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa na pa kwenda. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kilimpokea bila kuchelewa. Mlinganishe na Elmira Mangum, mwanamke wa kwanza kuthibitishwa kuwa rais wa Florida A&M. Alitoka Cornell, alikoshughulikia bajeti, akaingia 2014, akavutana na bodi hadharani, na 2016 akawa ameondoka. Hakuwa na miaka 11 ya Brown nyuma yake wala umri wa kustaafu wa kumwezesha kusema basi na kulala usingizi. Msimamo wa Simmons ni wa kuheshimiwa, lakini haufai kuwa kipimo cha kuwapimia wenzake. Wapo wanaobaki na madaraka nusu kwa sababu wanafunzi wao hawana mwingine, na huo nao ni ujasiri.

Sasa fedha. Desemba 2020 bilionea MacKenzie Scott aliipa Prairie View dola milioni 50, zawadi kubwa kuliko zote katika historia ya chuo. Simmons alitenga milioni 10 kati ya hizo kuwasaidia wanafunzi waliokwamishwa na janga la korona. Wengi husema ni jina lake lililozivuta. Huenda jina lilisaidia, lakini katika awamu hiyohiyo North Carolina A&T ilipata milioni 45 na Morgan State milioni 40, na hivyo viliongozwa na wanaume ambao magazeti makubwa hayakuwa yakiwaandika kila wiki. Na hata tukimpa sifa zote, hesabu inakataa. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana 16 kuhusu vyuo vya watu weusi vilivyopunjwa. Kwa Prairie View, ikilinganishwa na chuo kikuu cha Texas A&M, kinara wa mfumo wake, pengo la fedha la miaka 30 na ushee lilikuwa takriban dola bilioni 1.1. Zawadi ile ya kihistoria haifiki asilimia 5 ya pengo hilo.

Na zawadi ina mwenyewe. Cole alipoapishwa Spelman 1988, mchekeshaji Bill Cosby na mkewe Camille walitangaza dola milioni 20, na ukumbi ukalipuka kwa furaha. Mwaka 2015, tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya Bill Cosby zilipozagaa, chuo kilifuta nafasi ya uprofesa iliyobeba jina lao. Rais anayetegemea matajiri hulazimika kuzijua bodi zao na kukaa nao meza moja, na hapa ile Goldman Sachs inaeleweka, hata kama haisameheki kwa kila mtu.

Je, njia ni kukaa mbali na serikali? Bennett, chuo kidogo cha binafsi cha wanawake weusi mjini Greensboro, North Carolina, kinajibu pande zote mbili. Februari 1958 Martin Luther King alikosa ukumbi mjini humo kwa sababu watu waliogopa. Willa Player, rais wa Bennett, alimfungulia kanisa la chuo. Mwaka 1963 wanafunzi wake walipokamatwa kwa mamia katika maandamano, aliwafuata walikofungwa na kuhakikisha kazi za darasani zinawafikia, wasikose mitihani. Rais wa North Carolina A&T, chuo cha serikali mjini humohumo, yeye alibanwa na wakubwa wa jimbo awarudishe wanafunzi wake bwenini. Player hakuwa jasiri tu. Hakuwa na gavana ambaye angempigia simu kumwamrisha.

Lakini Bennett hiyohiyo, Desemba 2018, iliambiwa itaondolewa ithibati kwa sababu ya hali yake ya fedha. Rais wake, Phyllis Worthy Dawkins, akaanza kuchangisha akilenga dola milioni 5, zikapatikana zaidi ya milioni 8. Rufaa ikakataliwa hata hivyo mwaka 2019, na mwaka huohuo Dawkins naye akaondoka.

Ukiniuliza ningechagua kuongoza kipi, Bennett ya Player au Prairie View ya Simmons, ningechagua Prairie View, kwa sababu chuo kikifungwa uhuru wake haumsaidii mwanafunzi yeyote. Ila ningetaka mipaka ya madaraka iandikwe kwenye mkataba kabla sijasaini, ikiwemo miezi ya mwisho.

Mkataba wenyewe sasa una mpinzani mpya. Juni 2025 Gavana Greg Abbott alisaini sheria ya SB 37, inayozipa bodi za vyuo vya umma vya Texas usemi mkubwa zaidi juu ya mitaala na juu ya ajira za viongozi wa taaluma. Inavihusu vyuo vyote vya jimbo, vya weusi na visivyo vya weusi, kwa hiyo hakuna atakayesema Prairie View imeonewa peke yake. LeGrande amerithi ofisi ambayo Simmons aliikataa ilipopunguzwa, na safari hii kinachoipunguza ni sheria. Akiondoka kwa hasira leo, atakayemfuata atalikuta sharti lilelile mezani.