Profesa wa tiba ya familia aendelee kutibu?

Mwaka 1961 mtafiti wa afya Kerr White na wenzake walitoa hesabu iliyopaswa kuwakosesha usingizi wakuu wa vyuo vya udaktari. Kati ya watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja 750 hivi hupatwa na maradhi au majeraha, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufikishwa hospitali ya chuo kikuu. Wanafunzi walikuwa wakifundishwa kwa huyo mmoja. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kilianzisha kiti cha uprofesa wa tiba ya familia, yaani ya daktari wa kwanza kuwaona wagonjwa, mwaka 1963, cha kwanza duniani, na vyuo vingine vikafuata.

Kiti kikishapatikana, anayekikalia abaki na wagonjwa wake?

Wanaosema aache wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Nafasi za kazi na fedha za utafiti hugawanywa vikaoni, na aliye kliniki asubuhi hiyo hukuta mabingwa wa upasuaji wameshagawana. Utafiti nao unataka muda usiokatwakatwa.

Upande wa pili una daktari Julian Tudor Hart. Alitibu miaka mingi Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa huko Wales, na mwaka 1971 akaandika kwamba huduma nzuri hupungua pale inapohitajika zaidi. Hoja kama hiyo huzaliwa mbele ya foleni ya wagonjwa. Lakini Hart alikuwa mtu wa pekee, na hatuwezi kupanga idara tukitegemea watu wa pekee.

Mimi naegemea kwenye kutibu, ila si kwa mtindo uliozoeleka wa nusu siku kwa wiki, profesa akimpokea yeyote atakayeingia. Hiyo ni zamu tu. Kiini cha tiba ya familia ni kuwajua watu walewale miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo heri familia chache zilizo zake kweli kuliko wageni wengi.

Hapo ndipo gharama inapojificha. Profesa akiwa safarini, mgonjwa wake hupokelewa na mwenzake ambaye tayari ameelemewa, na ambaye jina lake halionekani kwenye makala yoyote. Chuo kinachotaka profesa anayetibu kilipe saa za huyo mwenzake, tena kwa mkataba, na kimpe naye nafasi ya kufanya utafiti. Bila hivyo, uongozi wa mmoja unabebwa na jasho la mwingine.