Gari Limeshushwa, Sasa Alaimenti Nani Apige?

Hivi ni dhambi kushusha gari, yaani kulifungia springi fupi likae chini zaidi? Maana ukiingia tu kwa fundi wa alaimenti, yule wa kunyoosha matairi yakae sawa, anainama, anachungulia bampa, anatikisa kichwa: halipandi kwenye mashine. Weka mbao basi! Mbao mbili tu, bampa lipite!

Ukibahatika kupanda, ndipo kasheshe inaanza. Anazungusha kidogo tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza tairi, usukani unanyooka, "tayari bosi." Tayari nini? Gari likishushwa matairi yanalala, juu yanaingia ndani. Karatasi ya mashine yake mwenyewe imejaa nyekundu, yaani vipimo haviko sawa, naye anasema "hiyo hairekebishiki." Hairekebishiki, au hutaki? Bolti za kurekebishia huo mlalo zipo, mikono ya kushikilia tairi, ile ya kurefusha na kufupisha, ipo, na nimekuja nayo imeshafungwa! Gusa basi hata spana!

Matokeo mnayajua, wenzangu. Tairi kwa nje jipya kabisa. Pitisha kidole upande wa ndani, kipara, nyaya zinachoma. Halafu yuleyule anakushauri urudishe springi za zamani. Nani kamuuliza?

Jamani, kama kuna anayemjua fundi anayesoma karatasi yote, si mstari wa usukani tu, aniambie leo hii.