Chupa za udongo za Montgomery na mti wetu wa Old Moshi

Juzi nimeshusha mzigo Montgomery, Alabama, mapema kuliko nilivyopanga. Nikaenda kwenye ule ukumbusho wa Waafrika-Wamarekani waliouawa na makundi ya Wazungu. Nikapiga picha moja, nikairusha kwenye grupu la ukoo. Hata dakika haijaisha, binamu kaandika: "Mmarekani wetu siku hizi anatalii makaburi."

Haya, nisikilizeni.

Kiingilio dola 5, na makumbusho ya jirani humo humo. Ukumbusho ulifunguliwa 2018. Una vyuma zaidi ya 800 vyenye majina ya watu. Ukianza kutembea viko usawa wa macho, sakafu inashuka taratibu, mara unaviona vinaning'inia juu ya kichwa chako. Makumbusho nako kuna rafu za chupa zenye udongo uliochotwa pale pale walipouawa. Mwingine mweusi tii, mwingine mwekundu kama wa kihambani kwetu. Nilisimama mbele ya ule mwekundu mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa.

Sisemi Alabama ni peponi. Hadi leo sikukuu ya Martin Luther King wanaichanganya na ya Jenerali Lee, aliyepigania upande wa wenye watumwa! Lakini angalau wameandika.

Sasa njooni kwetu Old Moshi, Kilimanjaro. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa hapo, aliwachapa Wajerumani 1892, kamanda wao akafa. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga mtini pamoja na wenzake 18. Mti ule nimeupita utoto wangu wote nikienda sokoni, hakuna mtu mzima aliyenisimamisha akaniambia, mwanangu, hapa ndipo. Sanamu yake imesimamishwa 2019. Magari ya watalii yanapishana kwenda Marangu kila siku, wangapi wanajua?

Mtasema wenzetu wana hela. Kibao cha chuma bei gani? Mabango ya wagombea mbona tunayapata, mpaka kwenye migomba yanabandikwa!

Mtasema najidai. Jamani, mimi dereva wa lori, nalala kwenye kabini. Haya yote nimeyaona nikisubiri kupakia.

Nimemwambia binamu Desemba nakuja, nawapeleka watoto wake wote pale mtini. Kajibu: "Karibu, kaka. Njoo na nauli zao, na soda."


Soda nitanunua.