Makonde ya Thakur

Mwenzenu siku hizi kahawa nainywea nyumbani kama mtu wa eda, na sababu ni picha ya kihindi.

Iko hivi. Baraza letu hapa Lamu liko nyuma kidogo ya Mkunguni, ukitoka mbele ya ngome unaingia kichochoro chembamba, punda akipita na mawe lazima muinue miguu nyote. Baada ya isha tunakaa hapo na muuza kahawa na dele lake, soga ni muvi tu. Kila mtu na aliyoitazama juzi. Huyu asema Oppenheimer ni masaa matatu watu wanaongea tu, mwenzake ang'aka kwamba yeye hajui muvi, amezoea za ngumi, basi kelele mpaka mtu afungue dirisha juu atwambie tuna watoto wamelala. Na mimi hapo ndiyo profesa. Muvi ikitoka leo kesho nishaitolea hukumu, na nyengine wallahi sijaitazama, nimeona trela basi.

Sasa kuna mzee mmoja sisi twamuita Ami, huwa haongei kabisa, anakunywa kahawa yake anasikiliza. Usiku huo akaweka kikombe chini. "Muvi zenu gari zaruka, watu waruka, hata ng'ombe mkimtia ataruka. Sholay mumeiona?" Kimya. "Ya 1975. Basi msinambie mwaijua senema."

Hapo ndipo ningenyamaza. Mimi huyo, "Ami, nipe siku moya tu."

Asubuhi nikaenda kwa kijana mmoja anayeingizia watu muvi kwenye memori kadi, nikampa shilingi 50, akaniwekea mbili, ya kwanza na ya pili, maana picha yenyewe ni masaa matatu na ushee. Usiku nikapanda darini na simu, stima zimepotea, mbu wananitafuna, nikatazama. Haina maandishi chini, na kihindi changu ni cha kwenye nyimbo tu, lakini nilielewa bana. Amitabh Bachchan na Dharmendra ni wezi, marafiki, wana pikipiki ile ya kiti cha ubavuni, Amitabh kila jambo anarusha sarafu. Kuna Thakur, mzee wa kijiji, anavaa shali muda wote, anawaajiri wamkamate adui, Gabbar. Nikawa nasinzia, nazinduka, nasinzia, hapo katikati palinipita.

Nikafungua ya pili. Amitabh amevaa suti.

Nikasema sawa, kapata pesa. Yuko mjini, ana gari. Mara ana mama! Mara ana ndugu yake ni polisi! Nikasema bila shaka walipotezana utotoni, si unazijua za kihindi, watu hupotezana sokoni wakaja kukutana uzeeni kwa wimbo. Dharmendra simuoni. Gabbar simuoni. Nikajua watakuja tu mwisho, muvi kubwa hizi zina mafumbo. Mwisho ndugu akampiga risasi, Amitabh akafia mapajani mwa mama yake kwenye hekalu, nikalia, shuka la mamangu likalowa.

Kesho yake nimefika barazani kabla ya watu kumaliza suna.

"Haya," Ami akasema, "stelingi amefanya nini?"

"Amekufa, Ami." Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Ami naye akatikisa. Macho yakamlowa kidogo. Nikaona mambo si haya, nimepita! Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu.

"Na Gabbar menenda wapi?"

Moyo ukafanya paa. Nikasema Gabbar kashikwa. "Na nani?" Na Thakur. Ami akasogea. "Thakur alimpiga kwa kitu gani?"

Nikajibu haraka, maana ukichelewa watu wanajua. "Makonde, Ami! Alimtia makonde, kushoto kulia, kushoto kulia!" na mimi nimesimama naonyesha.

Baraza zima kimya. Muuza kahawa, ambaye nilidhani hata tivii hana, akaniuliza taratibu, "Kwa mikono ipi?"

Kumbe Thakur hana mikono. Gabbar aliikata yote miwili! Ndiyo maana ya ile shali! Ndiyo picha yenyewe hiyo, na mimi hapo nilikuwa nimelala. Gabbar anapigwa mateke, kwa viatu vya misumari.

Nikajitetea kwa mbio, nikasema jamani lakini ile ya beji ya 786 imeniuma, pale anapoidondosha wakati anakimbia ndugu yake ndipo anampata. Nilijua 786 itawalainisha, si wanaijua ni bismillahi. Kikombe cha Ami kikasimama katikati ya njia.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni Deewaar."

Yule kijana alinibandikia nusu ya picha moja na nusu ya nyengine. Zote za 1975, zote Amitabh, zote anakufa, na nimekuja kujua waandishi ni walewale wawili, Salim na Javed, kwa hivyo mimi naona kosa si langu peke yangu. Lakini nani atakusikiliza wakati watu wamelala chini wanacheka, mmoja kofia yake imeingia mtaroni, na watoto washaanza, "Kushoto kulia! Kushoto kulia!"

Wakaamua nilipie kahawa ya baraza zima. Nikakataa. Ami akasema basi, haki itendeke, akatoa sarafu ya shilingi 10. "Simba au ngao?"

"Ngao."

Akairusha, akaidaka, akaichungulia peke yake, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Simba. Lipa."