Gata za kanisa nazo ni suala la kiroho

Bwana asifiwe wapendwa, na ndugu zangu wa Dodoma mbukwenyi. Leo naandika nikiwa na uzito moyoni, naomba mnivumilie maana itakuwa ndefu kidogo.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulibaki kwenye kikao cha michango. Ajenda zilikuwa mbili, ya kwanza spika mpya na kinanda, ya pili gata kwenye paa la kanisa pamoja na tenki la kukinga maji ya mvua. Hela iliyopo haitoshi vyote viwili. Akasimama mzee mmoja ambaye namheshimu sana, mtu wa maombi kweli kweli, akasema kwa upole, "Wapendwa, tuanze na ya rohoni. Maji ni mambo ya mwilini, hayo Mungu atafungua njia." Watu wakaitikia amina, ajenda ya spika ikapita, tukafunga kwa sala.

Na mimi niliitikia amina. Nimefika nyumbani ndo nikaanza kujiuliza nimeitikia nini hasa.

Maana hayo maneno nimeyasikia tangu nasoma shule ya Jumapili, kwamba mwili ni kama gunia tu la kubebea roho, siku ukifika kwa Bwana gunia linatupwa, kwa hiyo ukilihangaikia sana gunia wewe bado mchanga kiimani. Hakuna aliyewahi kuyasema hivyo neno kwa neno madhabahuni, lakini ndivyo tunavyoishi. Mtu akiumwa tunamwambia ajikaze kiroho, akiwa na njaa tunamwombea, akija na vitenge vipya tunamwambia asipende ya dunia.

Mimi nililelewa na bibi yangu, kijiji kimoja huko Kongwa. Wanaoijua Kongwa wakati wa kiangazi wanajua ninachosema, upepo, vumbi, ng'ombe wanalala karibu na nyumba, maji yanafuatwa mbali na yakifika yana hesabu zake, ya kupikia, ya kunywa, ya ndama, uso wa mtoto ni wa mwisho kabisa kwenye foleni. Nzi machoni ilikuwa kitu cha kawaida, unampunga na mkono anaondoka na anarudi.

Bibi alikuwa na vikope, yaani trakoma. Kwa ambao hawaujui, huu ugonjwa unaletwa na bakteria, unahama kutoka jicho hadi jicho kwa vidole, kwa kanga tunazofutiana nazo, na kwa hao nzi. Mtoto anaambukizwa, anapona, anaambukizwa tena, miaka inakwenda, ndani ya kope panajaa makovu, kope inajikunja, nywele zake zinageukia ndani na kila ukipepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Wanawake ndo wanaumia zaidi kwa sababu wao ndo wanakaa na watoto siku nzima. Bibi alikuwa na kibano kidogo anakihifadhi chini ya mkeka, kila baada ya siku kadhaa ananiita mimi nimng'oe zile nywele kwa sababu macho yangu ya mtoto yalikuwa yanaona vizuri, mimi nang'oa yeye anaomba Baba Yetu kwa sauti ndogo mpaka nimalize.

Wenzake wa kikundi cha maombi walikuwa wanakuja kumfariji. Walimpenda, sina shaka na hilo hata kidogo, walimletea mlenda, walimtafutia kuni. Ila maneno yao yalikuwa ni yale yale, vumilia mama, macho ya mwili yanapita, tazama kwa macho ya rohoni. Bibi aliamini akavumilia miaka mingi. Siku wahudumu wa afya walipokuja kijijini na kusema kuna upasuaji mdogo wa kurekebisha kope, yeye mwenyewe alikataa mara ya kwanza, alisema amemwachia Mungu. Alikubali mara ya pili. Jicho moja likawa salama. La pili kovu lilikuwa limeshafika kwenye kioo, halikurudi. Bandeji ilipotolewa kitu cha kwanza alichoniambia ni nimletee ungo achambue kunde mwenyewe.

Nimeishi na hilo jicho la pili kichwani kwangu muda mrefu. Nikasoma Yohana sura ya 9 nikiwa mtu mzima na nikashindwa kuendelea. Yesu anakutana na kipofu tangu kuzaliwa. Angeweza kusema neno tu, alishawahi kuponya watu kwa neno. Hapa anatema mate chini, anafanya tope, anampaka yule mtu machoni, halafu anamwambia nenda kanawe katika birika ya Siloamu. Kanawe! Mwana wa Mungu anashika udongo kwa vidole vyake na anamtuma mtu kwenye maji. Hakumwambia atazame kwa macho ya rohoni. Alimpa macho ya kuona njia, na imani ikaja juu yake, ukisoma mpaka mwisho wa sura utakuta yule mtu anasema "Naamini, Bwana" akiwa anamwangalia Yesu usoni.

Sasa najua kuna mtu ameshafungua Wagalatia 5 ananisubiri. Mwili hutamani ukishindana na Roho, na Roho kushindana na mwili. Ni kweli imeandikwa. Ila hapa lugha yetu imetutega, na naomba mtulie mnisikilize. Kigiriki alichoandikia Paulo kina maneno mawili, sarx na soma, na Biblia yetu ya Kiswahili yote mawili imeyaita "mwili". Soma ni huu mwili wenye mikono na miguu, ule anaouita hekalu la Roho Mtakatifu kwenye 1 Wakorintho 6. Sarx kwenye Wagalatia ni mtu mzima akiwa amempa Mungu mgongo, akili yake, tamaa zake, moyo wake, vyote. Kama huamini hebu pitia ile orodha ya matendo ya mwili, umo uasherati na ulevi ndiyo, lakini imo pia uadui, wivu, fitina, faraka, husuda. Husuda inafanywa na kiungo gani? Mtu anaweza kuwa amelala kitandani hana nguvu hata ya kunyanyua kikombe na akawa amejaa husuda mpaka kooni. Paulo hakuwa anausema mwili wenye njaa wala jicho linalouma. Sisi tumechukua ugomvi wake na dhambi tukaugeuza ugomvi na nyama na mifupa ambavyo Mungu mwenyewe aliviumba, tena kwa mavumbi, akavipulizia pumzi puani, ndo mtu akawa nafsi hai. Mwanzo 2 haisemi mtu alipewa nafsi ikawekwa ndani ya gunia. Inasema akawa.

Na Yohana ndo amefunga mjadala kabisa kwenye waraka wake wa kwanza sura ya 4. Siku zake kulikuwa na watu wanafundisha kwamba Kristo hakuwa na mwili kweli, maana waliona aibu Mungu kuchoka na kutokwa jasho. Yohana akatoa kipimo cha kuijua roho ya kweli, kila roho inayokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili ndiyo inatoka kwa Mungu. Yaani roho inapimwa kwa inachosema kuhusu mwili! Nilipolielewa hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Ukianza kuangalia hivyo Biblia nzima inabadilika. Eliya amekata tamaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, malaika anakuja, na hakuja na mahubiri, amekuja na mkate na maji, "Inuka, ule", analala tena, anaamshwa anakula mara ya pili, ndipo anatembea siku 40 mpaka Horebu. Binti wa Yairo anafufuka, watu wanashangaa, Yesu anawaambia mpeni chakula. Yeye mwenyewe baada ya kufufuka anaomba chakula, anapewa samaki wa kuokwa anakula mbele yao ili wajue si mzuka. Timotheo anasumbuliwa na tumbo, Paulo anamwambia tumia mvinyo kidogo (na sisi wa nchi ya zabibu mstari huo tunaujua wote, ila tunausoma kwa sababu nyingine). Na ufufuo wenyewe tunaoukiri kila ibada ni wa mwili, Paulo anatumia mfano wa mbegu, na mkulima wa uwele hahitaji kuelezewa, unafukia punje kavu mwezi wa kumi na mbili kwenye udongo unaoungua, na kinachotoka ni ule ule uwele kwa utukufu mwingine. Hakuna mahali punje imetupwa.

Sisemi mwili ndo mkubwa. Kuna wenzetu wameangukia upande wa pili, kwao wokovu ni gari na nyumba na kila maradhi ni pepo, mgonjwa anaambiwa aache dawa za presha anunue chupa ya maji, na watu wamekufa hivyo. Hilo nalo linatokana na kosa lile lile, kudhani daktari na Mungu ni washindani. Na kufunga nakuamini, nafunga, Paulo alisema anautesa mwili wake na kuutumikisha. Lakini Isaya 58 Mungu anasema saumu aliyoichagua ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumvika aliye uchi. Njaa yangu nikiichagua ni ibada. Njaa ya jirani yangu hakuichagua, na siwezi kuiita ya mwilini halafu nikapita.

Isitoshe sisi wa Dodoma hii imani haikuja kwetu ikiwa imegawanyika hivyo. Wamisionari wa CMS, lile shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, na baadaye Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, Injili ilitembea na zahanati na shule. Mvumi mpaka leo ni jina la hospitali kabla ya kuwa jina la kitu kingine kwa watu wengi. Na hiyo Kongwa ya bibi yangu, wanaosomea macho huko duniani wanaijua, kwa sababu utafiti uliofanyika vijijini kwetu na kutangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba pale ambapo dawa ya macho iliongezewa uhamasishaji wa nguvu wa kunawisha watoto uso, trakoma kali ilipungua kuliko pale palipopewa dawa peke yake. Kunawa uso. Jambo lile lile la Siloamu.

Kitu cha mwisho kuhusu bibi. Alipofariki wamama wa kanisa walikuja usiku ule ule wakamwosha. Walichemsha maji, madumu mawili ya lita 20 yalipatikana saa nane usiku wala hakuna aliyeuliza yametoka wapi, wakamwosha taratibu, wakampaka mafuta, wakamfunga kitambaa kichwani jinsi alivyopenda, wanaimba. Mimi nilikuwa nje ya mlango nasikia maji yanamwagika kwenye beseni. Kama mwili ni gunia la kutupwa tulikuwa tunafanya nini mle ndani? Wale wamama walijua, mikono yao ilijua kitu ambacho midomo yetu kwenye kikao inakikana. Ninachoumia ni kwamba yale maji, na ule upendo, uso wake uliyahitaji akiwa mtoto wa miaka minne.

Narudi kwenye paa letu. Nimelipima juzi na fundi, ni mita 20 kwa 10. Paa la ukubwa huo kila milimita moja ya mvua ni lita 200. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inajaza tenki la lita 5,000, na hapa kwetu kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 500 tukijaliwa, kwa hiyo hata ukitoa inayopotea ni kama lita 80,000, madumu elfu nne, ambayo sasa hivi yanashuka kwenye bati yanachimba korongo nyuma ya madhabahu huku watoto wa shule ya Jumapili wanaingia kusali na tongotongo kwa sababu mama zao dumu wananunua la mkokoteni. Spika nazo ni chuma na waya na sumaku, tumeziita za rohoni kwa sababu zinatumika ibadani, sawa, sizipingi, lakini basi na maji yanayonawisha uso wa mtoto kabla hajaimba tuyaite hivyo hivyo.

Nimeenda kwa yule mzee jana jioni, nikamwamkia, nikamweleza yote haya pamoja na habari za bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kibuyu chirizi, kile cha kunawia, kinatengenezwaje, nikamchorea chini kwa kijiti, dumu la lita tano, tundu dogo, kamba ya kukanyagia. Akasema vitatu anaweza kuvifunga mwenyewe kwenye mwarobaini wa kanisa kabla ya Jumapili, na hiyo ajenda ya gata atairudisha yeye mezani. Mvua zinaanza mwezi wa 12. Fundi anataka nusu ya hela kwanza, mwenye chochote aje nacho kwenye kikao baada ya ibada ya pili.