Wimbo usiiendeshe shorili yako

Ushauri unaosambaa sana miongoni mwa vijana wa animesheni ni huu: tafuta wimbo mkali kwanza, uutandaze kwenye programu ya kuhariri, kisha vipachike vipande vyako juu yake, kila pigo na mkato wake, yaani kipande kimoja kikiachia kingine. Siukubali. Unawaharibia watu kazi nzuri, tena unaiharibu pale pale ambapo mwajiri anakodolea macho.

Shorili ni video ya sekunde 60 hadi 90 ya vipande vya kazi zako, ya kumwonyesha mtu asiyekujua kwamba unajua kuhuisha. Anayeitazama anatafuta uzito: je, mwili huyu una kilo? Anatafuta wakati: kati ya mguu kuinuka na kutua kuna fremu ngapi, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, na je, fremu hizo zimegawanywa na mtu aliyewahi kutazama watu wakitembea? Sasa kijana amehangaika wiki nzima na mruko mmoja, akapanga fremu 5 za kuchutama, 2 za kufyatuka na 9 za kuelea. Anafika kwenye kuhariri, anakuta mguu unatua nyuma ya ngoma kidogo, anaongeza kasi ya kipande kwa asilimia 10. Programu inafuta fremu hapa na kuchanganya mbili pale. Kile kipimo alichokihangaikia kimekwenda, na anayehukumiwa kwa kosa hilo ni yeye, si wimbo.

Tazama mambo yalivyoanza. Mwaka 1928, studio ya Walt Disney ilipotengeneza katuni ya Steamboat Willie, mhuishaji wake Wilfred Jackson alileta metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi isiyobadilika, ili kasi ya muziki ihesabiwe kwa fremu na picha zichorwe kwa hesabu hiyo. Pigo lilijulikana kabla ya mchoro. Mwenye kuandaa shorili yuko upande wa pili kabisa: michoro imeshakamilika na haipaswi kuguswa. Kitu pekee kinachoweza kusogea ni muziki. Basi ndio usogee. Mpiga ngoma hodari huangalia miguu ya mchezaji, naye akiona mchezaji anakaribia kukanyaga, ngoma inamsubiri.

Kwa hiyo kupanga kunaanzia kwenye karatasi. Andika kila kipande: urefu wake kwa fremu, na namba ya ile fremu ambayo jambo linatokea. Ngumi inagusa shavu, kisigino kinagonga chini, mlango unabamizwa, jicho linafunguka. Mimi huiita fremu ya pigo. Kipande kisicho na fremu ya pigo hata moja kinahitaji kufikiriwa upya. Labda ni kizuri na kinataka mahali patulivu, labda hakina kitu na kitoke. Uchujaji huu uufanye muziki ukiwa umezimwa, maana wimbo mtamu hukifanya kipande dhaifu kionekane kimesimama.

Ukimaliza orodha utagundua kwamba kazi yako ina mwendo wake tayari. Mwendo wa kawaida wa kutembea katika animesheni ni fremu 12 kwa hatua. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni hatua 120 kwa dakika, yaani mapigo 120 ya muziki. Mtembezi wa fremu 16, yule wa pole pole mwenye mawazo, yuko kwenye mapigo 90. Mkimbiaji wa fremu 8 yuko kwenye 180, nusu ya kasi hiyo ikiwa 90, kwa hiyo yeye na yule mwenye mawazo wanaweza kukaa ndani ya wimbo mmoja bila kuguswa. Hapo ndipo pa kuchagulia wimbo. Hesabu ni nyepesi: gawa 1440, yaani fremu za dakika nzima, kwa mapigo ya dakika, utapata fremu kwa kila pigo. Mapigo 96 yanakupa fremu 15, mapigo 144 yanakupa 10.

Kama mradi wako ni wa fremu 25 kwa sekunde, kiwango cha televisheni zetu Kenya na Tanzania, gawa 1500. Hapo mapigo 120 hayakai vizuri, yanaangukia fremu 12 na nusu, ilhali 100 na 125 yanakaa sawasawa, fremu 15 na fremu 12. Nimeona watu wakichanganya vipande vya 24 na vya 25 kwenye mradi mmoja halafu wakaulaumu wimbo. Amua kiwango kimoja kabla ya kitu kingine chochote.

Wimbo ambao haugawanyiki si haramu. Amapiano nyingi huzunguka mapigo 112, na kwa fremu 24 kila pigo ni fremu 12.86. Ukikata kila fremu 13 ukidhani umekaribia, mwisho wa dakika utakuwa umeachwa na wimbo kwa fremu 16, theluthi mbili za sekunde, na hata asiyejua lolote la uhariri atahisi kuna kitu kimeteleza. Dawa ni kuweka alama kwa sikio na kwa umbo la wimbi la sauti. Bonyeza herufi M kila pigo kubwa linapolia, iwe unatumia programu ya Blender, DaVinci Resolve au Premiere. Usihesabu kutoka mkato uliopita.

Sasa hoja inayoniletea ubishi kuliko zote. Pigo lisiangukie kwenye mkato kila mara. Mkato ni kazi ya mhariri, nawe hukuomba kazi ya uhariri. Umeomba ya animesheni. Pigo liangukie kwenye fremu ya pigo, ndani ya kipande, pale ambapo mkono wako wewe ulifanya jambo. Mkato upite kimya katikati ya mapigo mawili, mtazamaji asiutambue, kisha ngumi itue pamoja na besi. Na ukiweza, picha itangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Huo ni utaratibu wa zamani wa watu wa katuni na hadi leo unafanya kazi. Jicho likishaona mgusano, sikio hulipokea pigo kama matokeo yake. Sauti ikitangulia hata kwa fremu hizo mbili, kipande kizima kinaonekana kimechelewa. Mkato wa kila pigo, kwa dakika nzima, unamnyima mtazamaji nafasi ya kuona mwili ukijikusanya na kutulia, na kutulia ndiko kunakomtofautisha mwenye uwezo na anayejifunza.

Kumbuka pia kwamba wengi wanaoajiri hutazama bila sauti. Kipande bora kikae mwanzo, sekunde 5 za kwanza, hata kama utangulizi wa wimbo bado unanong'ona. Kata utangulizi huo. Jina na barua pepe viwekwe mwanzo na mwisho, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu.

Vipande vya maongezi vinahitaji heshima yao. Midomo imehuishwa kwa sauti fulani, na sauti hiyo isikike. Shusha muziki, usiuache ukashindana na mhusika. Wimbo wenye maneno mengi juu ya mhusika anayesema ni vurugu tupu, na kwa hiyo mimi hupendelea muziki usio na maneno.

Najua wengi wetu tunataka shorili inukie kwetu, na nami nataka hivyo. Singeli inafaa kuliko watu wanavyodhani. Inavuka mapigo 200 kwa dakika, na ukiifuata pigo kwa pigo utamchosha mtu kabla ya nusu dakika. Lakini singeli ya mapigo 240 kwa fremu 24 ina fremu 6 kwa pigo, kwa hiyo kila mapigo 4 ni sekunde moja kamili. Shika hilo la nne, mengine yaache yachemke chini, na vipande vyako vya kukimbia na kupigana vitapata moto ambao muziki wa maktaba za bure haujui hata unafananaje.

Ila usiuchukue wimbo wa mtu kimya kimya. Kuununua au kuusikiliza mtandaoni hakukupi ruhusa ya kuuweka kwenye picha, na YouTube wana mfumo unaotambua wimbo wenyewe na kumpa mwenye haki uwezo wa kuifungia video yako. Kuna maprodyuza vijana Mburahati, Tandale na Manzese, jijini Dar es Salaam, wanaotengeneza midundo kila siku. Mfuate mmoja, mpe ile karatasi yako, umwambie unataka mapigo 90 kamili, besi ipige kwa nguvu sekunde ya 12 ngumi inapotua, na pawe na kimya cha sekunde 2 mhusika anapoanza kusema. Mkubaliane malipo, muandikiane ruhusa, na jina lake liandikwe kwenye fremu ya mwisho chini ya lako.