Najivunia boila yangu

Wapo wanaojivunia gari, wapo wanaojivunia makochi ya sebuleni, na wengi wetu tunaoishi Uingereza tunajivunia nyumba tunayojenga Tanga au Mombasa. Mimi najivunia boila, mashine ya gesi inayopasha maji ya kuoga na maji yanayotia vyumba joto. Imefungwa ukutani jikoni, ndani ya kabati, na mgeni akija kwangu hapa Leicester namfungulia mlango wa kabati aione. Tena simwonyeshi boila peke yake. Namwonyesha mabomba yalivyonyooka, kichujio cha sumaku kilichokaa chini yake, na karatasi ya vipimo aliyoniachia fundi.

Nyumba yangu ni ya matofali mekundu, imebanana na za jirani pande zote mbili, kama zilivyo nyingi zilizojengwa hapa enzi za Malkia Victoria. Kuta zake ni tofali tupu, hazina uwazi katikati wa kujazwa sufi ya kuzuia baridi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili nyumba hii inataka moto. Katika nishati yote inayotumika nyumbani kwa nchi hii, sehemu kubwa kuliko zote inakwenda kwenye kupasha vyumba joto, si kwenye taa wala televisheni. Ndiyo maana nashangaa kuona familia inabishana mwezi mzima juu ya rangi ya zulia, halafu boila inachaguliwa kwa simu, kwa bei tu, siku ile ya zamani ilipokufa.

Boila niliyoikuta hapa ilikuwa ya kizazi cha zamani. Ilikuwa na kimoto kidogo kisichozimwa usiku na mchana, hata Julai, na moshi wake ulitoka nje ungali wa moto sana. Joto hilo nililipia mimi, likapasha uchochoro. Hii mpya ni ya aina ambayo mafundi huiita kondensingi, na nataka niieleze vizuri, kwa sababu hapo ndipo penye uhondo.

Gesi ikiungua hutoa maji. Kila kilo moja ya methani ikiungua yote huzaa zaidi ya kilo mbili za mvuke. Aliyewahi kufunua sufuria ya wali mkono ukapitiwa na mvuke anajua kwamba mvuke una joto jingi lililojificha, na unalitoa pale unapogeuka kuwa maji. Katika boila ya zamani joto hilo, karibu sehemu moja ya kumi ya joto lote la gesi, lilikwenda angani. Katika boila ya kondensingi moshi hupitishwa kando ya mabomba ya maji yanayorudi kutoka kwenye redieta, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba joto. Mvuke ukikutana na ubaridi wa kutosha unakuwa maji, na joto lake linabaki nyumbani. Maji hayo yana uchachu kidogo, hutoka kwa kijibomba cha plastiki hadi kwenye mfereji. Nikisikia yanachuruzika najua mashine inafanya kazi yake. Tangu Aprili 2005, boila mpya ya gesi inayofungwa katika nyumba za England na Wales kwa kawaida ni lazima iwe ya aina hii.

Sasa nifike kwenye neno langu hasa: kununua boila inayosemwa kutumia asilimia 90 na ushee ya joto la gesi si sawa na kuwa nayo. Mvuke wa gesi hauanzi kugeuka maji mpaka ukutane na kitu kilicho chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Boila ikiwekwa kupeleka maji ya nyuzi 80 kwenye redieta, na yakarudi yakiwa nyuzi 60 au zaidi, basi kazi ile yote ya uhandisi imelala. Una boila ya kisasa ukutani na bado unalipia joto la mvuke linalokwenda angani. Nyumba nyingi ziko hivyo, na wenyewe hawajui, kwa sababu nyumba inapata joto na hakuna kinacholia.

Kwa hiyo ninachojivunia hasa ni ufungaji. Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama boila ya zamani, akaniandikia bei ya nyingine yenye nguvu kubwa zaidi, akaondoka. Wa pili alikuja na futi ya kupimia. Alipima kila chumba, madirisha, kuta, dari, akaziangalia redieta moja moja, kisha akakokotoa joto ambalo nyumba inapoteza siku ya baridi kali: kilowati sita hivi. Kupasha maji ya kuoga, lita 10 kwa dakika, kutoka nyuzi 10 hadi 40, kunataka kilowati 21. Ndiyo sababu boila inayotoa maji ya moto papo hapo huwa na nguvu nyingi kuliko vyumba vinavyohitaji. Fundi mzuri huiacha na nguvu zake kwa ajili ya bomba la kuogea, lakini upande wa redieta anaipunguza, ili isiwe inawaka dakika mbili na kuzima, inawaka na kuzima, siku nzima.

Kabla ya kuifunga alisafisha mfumo mzima. Yalitoka maji meusi kama wino, kutu ya chuma iliyokusanyika ndani ya redieta miaka na miaka. Kuiunga mashine mpya kwenye uchafu ule ni kuiua mapema. Baadaye akatia dawa ya kuzuia kutu, akaweka kile kichujio cha sumaku, akapima moshi kwa chombo, akazunguka tena vyumba vyote kurekebisha koki za redieta ili kila moja ipate maji yake kwa kiasi. Kijibomba cha maji ya mvuke alikipitisha ndani ya nyumba. Aliyekuwa hapa Desemba 2010 anaelewa kwa nini: baridi ilikuwa kali, mabomba ya aina hiyo yaliyopitishwa nje yaliganda barafu, boila zikazima katika nyumba nyingi wakati ule ule watu walipozihitaji.

Maji yangu yanatoka kwenye boila yakiwa nyuzi 55, na hurudi chini ya 45. Redieta haziunguzi mkono. Mama alipokuja kututembelea majira ya baridi aligusa moja akaniambia, "Mwanangu, mbona kichuma chenu hiki hakichomi? Kimekufa?" Nikamwonyesha thamostati, kile kifaa cha ukutani kinachopima na kuongoza joto la chumba: nyuzi 20, na saa zile nje kulikuwa na jalidi. Hili ndilo linalowasumbua wengi. Wamezoea redieta inayochoma kwa saa moja kisha ikapoa, wakidhani moto ule ndio thamani ya pesa yao. Joto la taratibu la muda mrefu ni raha zaidi, hasa kwa watoto na wazee. Ila mwenye tangi la maji ya moto asikimbilie kushusha vipimo mwenyewe. Maji ya tangini yanahifadhiwa kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa Legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasistawi, kwa hiyo azungumze na fundi kwanza.

Na fundi awe amesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi wa Uingereza. Usajili huo ulianza 2009 mahali pa ule wa zamani ulioitwa CORGI, na kadi yake ina picha na aina za kazi anazoruhusiwa; mwombe, hatakasirika. Gesi ikiungua vibaya hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Mpangaji naye ana haki yake: mwenye nyumba analazimika kukaguza vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa nakala ya karatasi ya ukaguzi.

Najua wako watakaoniambia gesi muda wake unakwisha, ningengoja pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kulileta ndani. Nawaheshimu, na hewa tunayovuta ni yetu sote. Lakini pampu ya joto inataka kitu kile kile nilichokitafuta mimi: redieta zenye eneo la kutosha, maji ya joto la chini, mfumo safi, na nyumba iliyopimwa chumba kwa chumba. Siku boila hii itakapofikia mwisho wake, kazi hiyo itakuwa imeshafanyika, na hesabu za fundi ninazo kwenye faili.